UZI: Manjano, njano, safura, sufuria – rangi moja iliyojificha ndani ya maneno mengi

#1 Mlinzi wa Ngeli (Mtwara)

Wakuu, habari za jioni.

Naleta neno tunalolitamka kutwa nzima bila kulichungulia ndani: manjano, au kwa ufupi njano. Sababu ni mabango. Tembea kuanzia stendi hadi sokoni usome matangazo ya maduka, jezi za timu za mitaa na vibao vya shule. Utakuta "kitambaa kinjano", "viti vinjano", hata "basi jinjano". Huko si kuteleza kwa kalamu. Mwandishi amelichukulia neno hili kama ndugu wa -ekundu, na si ndugu yake hata kidogo.

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyovaa kiambishi cha ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Hivyo vitatu vinafuata nomino popote iendapo. Mlango mwekundu, milango myekundu, jiwe jekundu, mawe mekundu, chungu chekundu, vyungu vyekundu, nyumba nyekundu, mahali pekundu. Rangi zilizobaki, nyingi yake, ni majina ya vitu yaliyoazimwa kazi. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu. Kahawia imetoka kwenye kahawa. Zambarau ni lile tunda linalotia ulimi rangi. Samawati ni mbingu, kwa Kiarabu. Waridi ni ua. Na manjano ni kizizi kinachosagwa kikatiwa kwenye mchuzi.

Jina la kitu halivai kiambishi cha nomino nyingine. Linaungwa kwa -a ya kuhusisha: kitambaa cha njano, viti vya njano, basi la njano, mabasi ya njano, ukuta wa njano. Kinachobadilika ni kile kiungo tu (cha, vya, la, ya, wa). Njano yenyewe haiguswi.

Mfano uko mikononi mwetu kila ifikapo Oktoba. Okota mabibo mawili chini ya mkorosho mmoja wa jirani na mwingine wa kwako, mara nyingi utapata rangi mbili. Lile la kwanza ni bibo jekundu. La pili ni bibo la njano. Tunda lile lile, ngeli ile ile, lakini rangi moja imevaa "je-" na nyingine imening'inia kwenye "la". Mwanafunzi akishika mfano huo hakosei tena.

Na angalia "kijani kibichi". Hapo kibichi hakifuati gari wala nguo, kinafuata kijani, kwa kuwa kijani ni nomino ya ngeli ya KI-VI. Kwa hiyo ni "magari ya kijani kibichi", wala si "magari ya kijani mabichi". Ushahidi gani mwingine utakao kwamba rangi hizi ni nomino?

Sasa kwa nini ni vitatu, na kwa nini hivi? Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay walitoa utafiti wao wa majina ya rangi katika lugha 98. Waligundua kwamba lugha yenye majina ya asili matatu tu huwa nayo haya: ya weusi, ya weupe na ya wekundu. La nne ndipo huwa njano au kijani. Kiswahili kimekaa sawasawa kwenye ngazi hiyo ya tatu, halafu kikajaza nafasi zilizobaki kwa vitu vya shambani, jikoni na dukani.

Kabla ya manjano kuwa rangi, kazi yake ilifanywa na maneno mengine. Sehemu kubwa ilibebwa na -ekundu, na hadi leo mpaka wake ni mpana: udongo mwekundu wa uwanda wa juu wa Makonde huko Newala ukiuweka kando ya rangi ya dukani utaona una njano na kahawia ndani yake, lakini hakuna anayeuita vingine. Mtu wa ngozi ya mwanga huitwa mwekundu, na wekundu wa damu hana. Sehemu nyingine ilibebwa na vitenzi. Embe halihitaji kuambiwa ni la njano, limeiva. Mpunga umeiva. Jani limenyauka. Ukisema hivyo rangi imeshaingia ndani.

Karibuni muongeze, hasa wenye kazi za mikono.

#2 Jezi Ligula

Mwalimu, "ya manjano" na "ya njano", ipi ni sahihi? Kuna mteja amegoma kupokea bango kwa sababu limeandikwa njano.

#3 Mlinzi wa Ngeli

Mkuu, zote mbili ni sahihi. Tofauti ni matumizi. Ukimwambia muuza duka "nipe njano" atafikiri unataka rangi ya kupaka, ukisema "nipe manjano" atakupimia kiungo. Yaani njano imebaki rangi tu, manjano imebeba vyote viwili. Kwenye majina yaliyoganda usibadilishe: homa ya manjano ni homa ya manjano, kadi ya njano ni kadi ya njano. Kwa bango, chagua moja ulishike hadi mwisho wa bango. Ukitaka jina la hali, sema umanjano. Mmea wenyewe ni mmanjano.

Rangi ikizidi sema imekolea, ikipungua imepauka. Ile isiyofika njano kamili ni ya kimanjano.

#4 Kalamu ya Masasi

Ahsante mleta uzi. Niongeze kwenye asili. Kitamil na Kimalayalam, lugha za kusini mwa India, zina neno manjal. Maana yake ni kile kizizi, na pia ni rangi ya njano. Maana zote mbili ndani ya neno moja, kama kwetu. Mmea wenyewe ni wa Asia ya Kusini, na biashara ya pwani ya Bara Hindi na pwani yetu ni ya karne nyingi kwa upepo wa kaskazi na kusi. Mimi nasema neno lilikuja na mzigo.

#5 Mhakiki wa Lindi

Mkuu Kalamu, mfanano huo ni mzuri lakini usiufanye hukumu. Kuna mambo mawili ya kujibu kwanza.

La kwanza, maduka ya viungo ya Kihindi katika miji yetu, Lindi, Mikindani, Kilwa Kivinje, kwa sehemu kubwa yalikuwa ya watu wa Gujarat na Kachchh. Kwa Kigujarati manjano ni haldar, kwa Kihindi ni haldi. Neno lingeletwa na hao tungesema "halidari". Anayeshika manjal lazima aeleze lilipitia kwa nani: mabaharia wa Malabar (pwani ya kusini-magharibi mwa India), au Waarabu waliochukua mzigo Malabar? Lakini Waarabu nao wana neno lao, kurkum, ambalo ndilo wanasayansi wamelitumia kuupa mmea jina la Curcuma longa.

La pili ni hiyo silabi ya "ma-". Kwa sikio la Mswahili "ma-" ni wingi. Neno geni likiingia na "ma" mwanzoni, watu hulikata. Mudguard ya Kiingereza ilikuwa madigadi, kisha wasemaji wakaona ni wingi wakatengeneza digadi moja. Kwa njia hiyo njano inaweza kuwa imekatwa kutoka manjano. Ila njia ya pili nayo ipo wazi: njano ikiwa ndiyo kongwe, "ma-" imeongezwa kwa kuwa vizizi huja vingi, havihesabiwi kimoja kimoja. Anayedai mkopo lazima aonyeshe njia ya kwanza. Sauti nazo: "l" ya mwisho imekuwaje "no"? Kiswahili kikikopa neno linaloishia na konsonanti huongeza irabu, hakibadilishi konsonanti yenyewe bila sababu.

Nakubali kwamba mmea ulitoka huko. Neno linahitaji ushahidi wake peke yake.

#6 Kalamu ya Masasi

Hoja ya "l" ni nzito, nakubali. Nabaki na mfanano wa maana, kwamba watu waliokuwa na kizizi hicho mkononi, kule na huku, walikipa rangi jina lake.

#7 Mhakiki wa Lindi

Hapo tuko pamoja kabisa. Na tukiwa kwenye asili, naomba niwaonyeshe njano nyingine ambayo watu hawaijui, ingawa iko jikoni kwa kila mtu.

Kiarabu kina mzizi wa herufi tatu, sad, fa, ra, na maana yake moja kubwa ni njano. Asfar ni kitu cha njano, safra ni umbo lake la kike. Kutoka hapo Waarabu wana sufr, yaani shaba, kwa kuwa shaba ikisuguliwa inang'aa njano. Chungu cha shaba kikaja pwani na jina lake: sufuria. Leo sufuria ni ya alumini, nyeupe kabisa, lakini jina linasema "ya njano".

Neno la pili ni safura. Kwa Kiarabu ni nyongo ya njano, na ugonjwa wa nyongo. Kiswahili kiliupokea kikausogeza: kwetu safura ni ugonjwa wa minyoo inayonyonya damu tumboni hadi mtu anapauka uso na viganja. Yaani neno lilitoka kwenye ugonjwa wa kuwa njano likafika kwenye ugonjwa wa kuwa mweupe. Daktari akisema "minyoo ya safura" anazungumzia kupungukiwa damu, si ini.

Tahadhari mbili. Usichanganye na safari. Hiyo kwa Kiarabu inaandikwa kwa sin, si sad, ni mzizi mwingine. Kiswahili kina "s" moja tu ndiyo maana zinaonekana ndugu. Sifuri nayo ina sad, fa, ra zilezile, lakini imetoka kwenye maana nyingine ya mzizi huo, ya kuwa tupu. Zafarani haimo kabisa, ingawa ni ya njano. Ina herufi zake.

#8 Jezi Ligula

Sufuria! Hiyo sikuitegemea.

#9 Viungo Sokoni

Niingie upande wa kizizi. Jina "bizari" linawapoteza wapishi wengi. Bizari ni neno la viungo kwa ujumla, Waarabu wa Ghuba hadi leo huita mchanganyiko wao wa viungo bizar. Hapa sokoni kuna bizari ya mchuzi (mchanganyiko), bizari nyembamba ambayo wengine huita jira, na bizari ya manjano. Mapishi yakiandika "bizari kijiko kimoja" bila kusema ipi, pilau itaharibika. Ukiandika mapishi, andika jina kamili.

Namna ya kuandaa. Mmanjano huvunwa miezi 7 hadi 9 baada ya kupandwa, majani yakianza kukauka. Vizizi huoshwa, huchemshwa dakika 45 hadi saa moja mpaka kijiti kipenye bila kulazimisha, kisha huanikwa siku 10 hadi 15. Kilo 5 mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu. Watu huruka hatua ya kuchemsha wakidhani wanaokoa kuni. Kinachotokea: kizizi kinachukua muda mrefu zaidi kukauka, rangi inakaa mabaka, nje imepauka na ndani kuna doa la chungwa, na vingine vinachipua juu ya mkeka. Kuchemsha ndiko kunasambaza rangi sawasawa ndani. Kilichokauka vizuri kinavunjika kwa mlio mkavu, "ta!", na ndani ni cha rangi ya chungwa iliyokolea. Kikipinda kabla ya kuvunjika, rudisha juani, kitaota ukungu ndani ya gunia.

Jikoni: rangi ya manjano haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Ukitupia unga kwenye mchuzi uliojaa maji utaelea vumbi na harufu ya udongo. Tia kwenye mafuta ya moto mdogo baada ya kitunguu kulainika, geuza nusu dakika, ndipo nyanya. Tui la nazi nalo linabeba rangi kwa sababu ya mafuta yake. Kilo moja ya changu au pweza, nusu kijiko cha chai inatosha, kisizidi kimoja. Ikizidi ni uchungu, ikiungua inakuwa kahawia na uchungu juu yake.

Na ukipika kunde au maharage kwa magadi, manjano itageuka nyekundu. Chakula hakijaharibika. Magadi ndiyo yanayoigeuza. Kamulia ndimu itarudi.

Jambo la mwisho na ni zito. Unga wa njano kali kupita kiasi uogopwe. Bangladesh ilithibitika 2019 kwamba wasindikaji walikuwa wanang'arisha vizizi kwa kromati ya madini ya risasi, rangi ya viwandani. Risasi inadhuru ubongo wa mtoto na haitoki mwilini upesi. Haionekani kwa macho wala haina ladha, na hakuna kipimo cha jikoni cha kuitegemea. Nunua kizizi kizima chenye ngozi yake ya kahawia iliyofifia, kisugue kwa maji, saga mwenyewe. Kile kinachong'aa njano nje kama kimepakwa rangi, kiache.

#10 Bi Chane (Lindi)

Hapo kwenye kugeuka nyekundu ndipo kazi yetu ya mikeka ilipo. Nawapa vipimo vya kutia manjano kwenye ukindu.

Chukua kilo moja ya chane kavu (vipande vya jani la ukindu), zilizochanwa upana mmoja. Chane nene na nyembamba zikiingia pamoja, nyembamba zinakolea upesi na ukili (ule utepe uliosukwa) unatoka na mistari. Ziloweke usiku kucha kwenye maji matupu. Chane isiyolowa inakataa rangi katikati, inashika kingo tu.

Asubuhi yeyusha shabu gramu 150 kwenye maji ya moto, kisha ongeza mpaka yawe lita 15 hadi 20, ili chane zizame bila kubanwa. Hii ni shabu ya mawe meupe ya dukani. Ndiyo inayoshikisha rangi kwenye jani. Weka chane, moto mdogo saa moja, maji yacheze tu yasifoke. Toa, zikamue, usizisuuze.

Maji mapya, manjano ya unga gramu 300. Kama ni mbichi iliyotwangwa, kilo moja na nusu. Fungia kwenye kitambaa cha shashi kabla ya kutia sufuriani. Unga ukiwa huru unaganda kwenye mikunjo ya chane na kuacha madoa yasiyotoka. Chemsha kitambaa nusu saa peke yake, kisha tia chane, moto mdogo dakika 45, ukizipindua kila baada ya dakika 10. Epua, ziache humo zipoe hadi kesho yake. Usiku huo ndio unaoleta tofauti kati ya njano ya limau na njano ya kiini cha yai.

Suuza maji baridi mara mbili, anika kivulini.

Makosa yanayoonekana sana: Pipa la chuma. Chuma kinaingia kwenye rangi na njano inakuwa kama ugoro. Tumia sufuria ya alumini au chungu. Kosa la pili, maji ya kisima yenye magadi, njano inatoka na wekundu. Kamua ndimu mbili kabla ya kutia manjano. La tatu, kuanika juani ili kuharakisha. Jua linaila rangi hii kabla hata mkeka haujashonwa.

Niseme kweli kwa wanaouza: manjano haistahimili jua. Mkeka wa chumbani utakaa miaka, wa barazani utapauka ndani ya wiki chache. Mteja aambiwe. Anayetaka wa barazani mwekee weusi wa mdaa au hudhurungi ya gome la mkandaa (aina ya mkoko), hizo zinavumilia zaidi. Ila mikoko ni hifadhi, gome halichunwi bila kibali, na mti uliochunwa mzunguko wote unakufa. Kwa nyekundu ya asili kuna mbegu za mzingefuri, nayo haipendi jua.

#11 Mhakiki wa Lindi

Bi Chane, shikamoo. Mzingefuri wenyewe una asili ya kupendeza. Zinjafri kwa Kiarabu ni lile jiwe jekundu la zebaki lililokuwa likisagwa kuwa rangi. Mti ukapewa jina la jiwe kwa sababu ya mbegu zake. Kwa hiyo hapo ni rangi iliyotangulia na mti ukafuata, kinyume na manjano.

#12 Bi Chane (Lindi)

Marahaba mwanangu. Hilo la jiwe silo tunalolijua sisi, tunajua mbegu tu. Nimelipokea.

#13 Bangua Newala

Naomba niongeze upande wa korosho, maana huko njano ni pesa.

Kwenye madaraja ya korosho karanga (zilizokwisha kubanguliwa) herufi W ni ya "nyeupe" kwa Kiingereza. W180 ni korosho nzima 170 hadi 180 kwa ratili moja, yaani gramu 454. W240 ni 220 hadi 240, W320 ni 300 hadi 320. Lakini hiyo "nyeupe" si nyeupe ya chokaa. Inakubali rangi ya maziwa, ya pembe ya ndovu, na hata kijivu chepesi. Ikivuka hapo ikawa njano iliyokolea au kahawia kwa moto, inaitwa SW, iliyoungua, na bei inashuka ingawa ni nzima na haina dosari ya ladha.

Kinachoipeleka huko ni vitu vitatu. Kupika ganda kupita muda, mafuta ya ganda yanaingia ndani na kuacha doa la kahawia. Kukausha kwa moto mkali: tanuri likae karibu nyuzi 70, saa 6 hadi 8, korosho ifike chini ya asilimia 5 ya unyevu. Ukipandisha moto ili umalize saa 4, ganda laini la ndani linatoka vizuri lakini korosho imeshakuwa njano. Na cha tatu ni kutozungusha trei. Trei iliyo karibu na moto inakuwa ya njano wakati ya juu bado mbichi. Badilisha nafasi kila saa moja.

Anayechambua akae mchana, mwanga wa dirishani, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheusi. Chini ya balbu ya njano kila korosho ni ya njano, na daraja lote utalipeleka SW bure.

#14 Mlinzi wa Ngeli

Mkuu Bangua, umeleta jambo kubwa. -eupe nayo ina mpaka mpana kama -ekundu. Inameza njano iliyopauka, ndiyo maana tunasema mtu mweupe, mchele mweupe, mbao nyeupe. Mchonga mpingo naye atakwambia moyo mweusi na nje kweupe, ilhali ile ya nje ni ya kimanjano ukiitazama vizuri.

#15 Jezi Ligula

Nipite haraka: Yanga ni ya 1935, kijani na njano. Wazee waliuita unga wa mahindi ya njano "unga wa Yanga". Kadi ya njano ilianza Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico. Kwenye bendera ya Taifa ile mistari miembamba ni ya dhahabu, ni madini, lakini mtaani wote tunaiita njano. Kwa mshonaji, kitambaa cha bendera kiwe cha njano yenye joto, si ya limau.

#16 Nesi wa Zamu (Nachingwea)

Nimesoma uzi wote, nashukuru. Kwenye afya neno hili linachanganywa na kuchanganya huko kunaua, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Homa ya manjano ni ugonjwa mmoja maalumu wa kirusi, unaoenezwa na mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana. Ina chanjo, dozi moja. Chanjo ya 17D ndiyo iliyompa Max Theiler Tuzo ya Nobel ya 1951. Cheti, ile kadi ya njano ya msafiri, kinaanza kuhesabika siku ya 10 baada ya sindano, na tangu 11 Julai 2016 kinadumu maisha yote. Anayekwambia ukirudie kila miaka 10 anatumia kanuni ya zamani. Wagonjwa wengi wa homa hii hawafiki hata hatua ya macho kuwa ya njano. Jina limetokana na wale wachache wanaozidiwa.

Umanjano wa macho na ngozi ni dalili, siyo ugonjwa mmoja. Chembe nyekundu za damu zikivunjika hutoa bilirubini, ambayo ni rangi ya njano, na ini huisafisha. Zikivunjika nyingi mno, kama kwenye malaria kali au selimundu, au ini likiwa na homa ya ini, au njia ya nyongo ikizibwa na mawe, bilirubini inabaki mwilini na kutia rangi. Tazama weupe wa jicho kwenye mwanga wa mchana. Aliyekula mapapai, karoti na maboga kwa wingi anaweza kuwa na viganja vya njano, lakini macho yake yatabaki meupe.

Kwa mtoto mchanga: bonyeza ngozi ya paji la uso au pua kwa kidole, achia, angalia rangi kabla damu haijarudi. Umanjano unaoanza siku ya 2 au ya 3 na kuisha ndani ya wiki mbili ni wa kawaida kwa wengi. Ukianza ndani ya saa 24 za kwanza, au ukifika viganjani na nyayoni, au mtoto akiwa hanyonyi na analala mno, hospitali sasa hivi, usiku huohuo. Bilirubini ikizidi inaingia kwenye ubongo.

Jua la asubuhi si tiba. Kinachotibu ni taa za mwanga wa buluu zinazomulika mwili mzima, macho yakiwa yamefunikwa. Mtoto akianikwa juani atapoteza maji na joto lake litayumba. Na tafadhali, msimnyweshe wala msimpake manjano kwa kuwa ugonjwa una jina lake. Ukimpaka unaficha dalili ambayo nesi anatakiwa kuiona.

#17 Kalamu ya Masasi

Hilo la mwisho, Nesi, ungelibandika kila zahanati. Jina limewapa watu dawa ambayo haipo.

#18 Mama Mtama

Bi Chane shikamoo. Mkeka wa ukindu uliotiwa manjano ukifuliwa kwa sabuni ya mche, ukatoka mistari myekundu kama kutu, ndiyo basi? Na shati jeupe lenye doa la mchuzi nalo linageuka hivyo hivyo.

#19 Bi Chane (Lindi)

Marahaba. Si basi, ni lile lile la magadi. Sabuni ya mche ina ukali wa majivu, na manjano ikikutana na ukali huo inakuwa nyekundu. Ikikutana na uchachu inarudi njano.

Kwa mkeka: suuza sabuni yote kwanza kwa maji matupu, mara tatu, mpaka maji yasitoe povu. Kamua ndimu 5 au 6 kwenye ndoo ya lita 10, au siki kikombe kimoja. Chovya kitambaa, pitisha kufuata mwelekeo wa ukili, usisugue kukata chane. Utaona wekundu unaondoka mbele ya mkono. Subiri dakika 10, suuza tena, ning'iniza kivulini mkeka ukiwa umenyooka, usiukunje mbichi, utaota ukungu kwenye mshono. Palipobaki wekundu rudia hapo tu. Palipopauka kabisa, ndimu haitarudisha rangi, hiyo imeshaliwa na jua.

Shati ni kinyume chake. Huko hutaki njano irudi, unataka iondoke. Fua kwa sabuni, acha doa liwe jekundu, usilitie ndimu. Lianike juani likiwa bichi, doa likitazama juu, siku moja au mbili.

#20 Mama Mtama

Ahsante sana Bi. Ndimu zipo.